Futi Shingoni

Ijumaa ya pili ya mwezi, duka limefungwa,
mikasi imelala ndani ya droo,
nasi watatu tumechanga riali nne nne
tumpe Hilali atupeleke al-Hamra
kabla jua halijapata nguvu.

Nekesa kabeba chapati na chupa ya chai.
Shirini kabeba simu na kicheko.
Mimi nina futi ya kupimia shingoni,
nimesahau kuivua. Fundi ni fundi
hata siku asiyolipwa.

Mji wa kale umeegemea mlima
kama mgonjwa aliyewekewa mto.
Udongo mtupu, ghorofa juu ya ghorofa,
rangi ya mkate ulioungua upande mmoja.
Mbuzi wawili wanatafuna boksi la karatasi
barazani pa mtu aliyekuwa, bila shaka, tajiri.
"Wako wapi wenyewe?" anauliza Nekesa.
Hilali anaonyesha bondeni kwa kidevu:
nyumba nyeupe, viyoyozi, magari.
"Hawakwenda mbali," anasema. "Walishuka tu."

Vichochoro vinapitisha punda mmoja,
na huyo punda awe hana mzigo.
Milango mifupi. Napima: dhiraa tatu na shubiri.
Mlango unakutaka uiname kabla hujapiga hodi.
Shirini hakuinama. Akajigonga kipaji,
akakitukana kizingiti kwa Kibengali,
kizingiti kikanyamaza kwa adabu.

Ndani, ubaridi wa mtungi.
Mihimili ya mitende, na masizi ya jikoni
yameganda darini, yanang'aa kama wanja.
Chumba cha tende kina vijifereji sakafuni;
asali ilijichuruzikia yenyewe
kutoka magunia yaliyolaliana.
Natia kidole. Nalamba.
Vumbi.
Nekesa anacheka mpaka anakaa chini.

Kisha, nyuma ya mlango wa chumba cha juu,
mistari.
Mkaa juu ya chokaa, mmoja juu ya mwenziwe,
saba, wa nane umefutika nusu,
na kando yake maandishi yasiyosomeka tena
ila jina moja: Zuwaina.
Alisimamishwa hapa, kisogo ukutani,
akaambiwa asinyanyue visigino.
Akanyanyua. Wote hunyanyua.

Navua futi. Mstari wa kwanza hadi wa pili,
vidole vinne. Wa pili hadi wa tatu, vinne na nusu,
mwaka ule alikula akashiba.
Halafu kimoja tu.
Sijui kwa nini kimoja.
Ukuta hausemi zaidi ya ulichoambiwa.

Nayajua mabega ya mke wa mhandisi,
nakijua kiuno cha binti yake, na siri ya kiuno hicho,
lakini sare ya Mwanashee naishona kwa kukisia:
naongeza shubiri, naacha pindo nene,
naituma Siyu.
Dada yangu hujibu, "Imemkaa."
Dada yangu hajui kusema uongo.
Kwenye picha ya mwisho mikono ya shati
iliishia karibu na viwiko.

Chini, Hilali anapiga honi, anawahi sala.
Nabaki kidogo. Natoa simu, nasema kwa sauti ya chini
kana kwamba mwenye nyumba amelala:

"Tima, mwite mtoto. Mvue viatu.
Msimamishe nyuma ya mlango wa jiko,
uchore kwa mkaa. Namba usinitumie.
Chukua uzi, uukate sawa na yeye,
uutie kwenye bahasha, umpe mtu anayekuja.
Akinyanyua visigino, mwache."

Njiani Hilali anauliza tumependa nini.
"Mbuzi," anasema Shirini, barafu kipajini.
Mimi natazama simu mapajani.
Tumefika Nizwa, na ujumbe wangu
bado unazunguka, haujaenda.